Poti ya siriali ina kiwango chake, tukitumie

Waundaji programu wenzangu, leo nina neno ambalo huenda wengine wasilipende. Hapa Kenya tunaunda vifaa vingi vinavyosoma mizani, mita, inveta za sola na jenereta kupitia poti ya siriali. Hiyo ni kazi nzuri. Shida ni kwamba kila mmoja wetu anabuni lugha yake ya kueleza hali ya poti hiyo. Huyu anatuma JSON, yule anatuma SMS, na mwingine hatumi chochote mpaka mteja apige simu kulalamika. Kwa maoni yangu tunapoteza pesa bure, maana kazi hii ilishafanywa zamani na kuisoma hakulipiwi.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya kila mtu kuwa na tarakilishi yake mezani, ofisi kubwa zilikuwa na terminali, modemu na printa zilizounganishwa kwa kebo za RS-232 kwenye kisanduku kiitwacho seva ya terminali. Kisanduku hicho ndicho kilichoziingiza kwenye mtandao. Itifaki ya SNMP ilipotoka mwaka 1988, msimamizi aliweza kukaa kitini pake na kuiuliza ruta hali yake. Poti za siriali hazikuwa na orodha ya pamoja ya maswali. Kikundi cha IETF kikakaa chini, na Aprili 1992 kikatoa hati tatu: RFC 1316 ya poti za herufi, RFC 1317 ya vifaa vya jamii ya RS-232, na RFC 1318 ya poti za printa. Julai 1994 zikafanyiwa marekebisho na kuwa RFC 1658, 1659 na 1660.

Ninachokipenda hapa ni mgawanyo wa kazi. Hati ya kwanza haijali waya kabisa. Inauliza: poti inaitwaje, imefunguliwa au imefungwa, herufi ngapi zimeingia na kutoka, nani ameunganishwa na tangu lini. Hata poti isiyo na umbo, iliyo ndani ya programu tu, inaingia humo. Hati ya pili ndiyo inayoshughulikia umeme na waya: kasi, idadi ya biti, pariti, na ishara kama DTR, CTS na DCD, kila moja ikiwa na hali yake na mara ngapi imebadilika.

Waandishi walijizuia pia. Desturi ya orodha hizi tangu mwanzo ilikuwa kwamba kitu kiingie tu ikiwa kinahitajika kutafuta hitilafu au kupanga mitambo, na kisiingie kama kinaweza kukokotolewa kutoka vingine. Sisi leo tunarundika sehemu 80 kwenye ujumbe mmoja, kisha hatujui ipi ya kuangalia.

Mfano ni huu. Hati ya pili ina vihesabio vitatu vya makosa kwa poti zisizo na saa ya pamoja: pariti, freimu na kufurika. Makosa ya freimu yakipanda mfululizo, kwanza shuku kwamba kasi za pande mbili hazilingani. Makosa ya pariti yakitokea mara moja moja, shuku kelele za umeme kwenye kebo. Kufurika kukizidi, mpokeaji hachukui herufi kwa kasi ya kutosha, basi kagua udhibiti wa mtiririko. Namba tatu tu, na tayari umejua kama fundi wa kwenda Lodwar abebe kebo mpya, au abaki Nairobi ubadilishe mpangilio ukiwa hapo hapo. Nauli, malazi na siku mbili za mteja kukaa bila huduma zimeokolewa.

Kuna atakayesema kwamba hiki ni kiwango cha wazee. Kweli, kina umri. Orodha yake ya aina za poti ina RS-422 na V.35 lakini haina RS-485 ambayo sisi tunaitumia kila siku na Modbus, kwa hiyo utalazimika kuandika "nyingine". Hilo ni pengo dogo. Vihesabio vya makosa vina maana ile ile.

Pingamizi zito zaidi ni usalama. Hati ya kwanza inamruhusu msimamizi kuanzisha poti upya au kuua kipindi cha mtumiaji kutoka mbali. Kwa SNMP ya mwanzo, ambayo neno lake la siri husafiri wazi kwenye waya, huo ni mlango wa mwizi. Basi ruhusu kusoma peke yake, na ukitaka kuandika tumia toleo la 3, lililokamilishwa kuwa kiwango mwaka 2002, lenye uthibitisho na usimbaji.

Wala kazi yenyewe si kubwa. Kwenye Linux, kiini cha mfumo tayari kinahesabu makosa haya pamoja na mabadiliko ya ishara kwa poti nyingi. Mwito wa TIOCGICOUNT unakupa yote kwa mkupuo mmoja. Net-SNMP ni programu huria, nayo inakubali uichomekee msimbo wako mwenyewe. Unachobaki kuandika ni daraja fupi kati ya hivyo viwili.

Na nyinyi mnaonunua vifaa hivi, iwe ni kaunti, hospitali au kiwanda, andikeni sharti hili kwenye zabuni. Aliyewauzia akifunga duka kesho, kisanduku chenye lugha ya siri kitabaki bubu ukutani, na mtalipa tena kuanzia mwanzo. Kinachojibu maswali ya kiwango, fundi yeyote atakiuliza na kitamjibu.