Oili hupandaje hadi kwenye roka?

Lile trekta dogo la kukata nyasi, linaloendeshwa dereva amekaa, lina injini ambayo mafundi wengi wa mtaani huidharau. Ukifungua kava ya tapeti, huoni bomba la oili wala tundu linalotema kitu. Unaona roka mbili, springi mbili na ncha za pushirodi. Hukumu hutoka hapohapo: "Injini hii imezaliwa na kasoro, juu hakufiki oili." Nimeisikia mara nyingi, na kila anayeitoa huwa na dawa yake mfukoni. Dawa hizo ndizo zinazoua injini.

Tuanze na dai lenyewe, kwamba pasipo pampu roka hukauka. Injini ya Honda GX, iliyoingia sokoni 1983 na ambayo leo wenzake na nakala zake zinaendesha jenereta na pampu za maji huku kwetu, katika ukubwa wake wa kawaida haina pampu ya oili. Chini ya konrodi kuna ulimi mdogo unaochota oili kwenye sampu na kuirusha kila krenki inapozunguka. Injini nyingi za matrekta ya nyasi, ambazo krenki yake imesimama wima, zina pampu ndogo, lakini kazi yake kubwa ni kulisha beringi. Kule juu, mara nyingi zote mbili hutegemea kitu kimoja, nacho ni ukungu wa oili.

Ukungu huo husafirishwa na pumzi ya injini yenyewe. Chukua silinda moja ya sentimita za ujazo 500. Pistoni ikishuka, hewa iliyo kwenye tumbo la injini inabanwa kwa kiasi hicho hicho. Ikipanda, nafasi inafunguka tena. Kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, hilo hutokea mara 60 kila sekunde. Hewa hiyo imejaa chembe za oili zilizopondwa na krenki na gia, na njia zilizo wazi mbele yake ni pamoja na ule uwazi unaopita pushirodi. Inapiga mbio humo kwenda juu na kurudi, ikiacha utando kwenye roka, springi na ncha za vali. Oili iliyojikusanya hushuka kwa uzito wake hadi kwenye sampu. Tundu la pumzi lina kilango chembamba cha chuma kinachoruhusu hewa itoke lakini isirudi kirahisi, kwa hiyo tumbo la injini hubaki na mvuto kidogo. Kilango hicho kikikwama au kikijaa uchafu, mwendo wote huo unavurugika. Ajabu ni kwamba watu huanza kuchunguza pampu na kukiacha.

Hata hivyo, anayesema "hakuna injini ndogo inayosukuma oili juu" naye amekosea. Zipo zenye tapeti za haidroli zinazolishwa na pampu, baadhi za Kohler zikiwa mfano, na penye pushirodi yenye uwazi katikati oili inaweza kupita humo hadi kwenye roka. Kwa hiyo swali la kwanza ni injini gani iko mbele yako.

Dai la pili: "Fungua kava, washa, usipoona oili ikiruka ujue imekufa." Jaribio hili linaharibu kile kile linachokipima. Pale ambapo kava ndiyo inayofunga chumba, ukiiondoa umetoboa pafu. Afadhali iendeshe dakika kadhaa ikiwa imefungwa, izime, kisha fungua na upitishe kidole. Utando unaoteleza unatosha. Springi iliyogeuka rangi ya buluu ndiyo ya kukutia wasiwasi.

"Basi ongeza oili ivuke alama, itapanda yenyewe." Hapana. Krenki ikianza kuogelea, oili hugeuka povu, na povu halilainishi chuma. Ziada hutokea kwenye tundu la pumzi, huingia kwenye chujio la hewa, kisha moshi wa buluu, na mwenye mashine anauziwa ringi mpya. Oili nzito ya lori nayo haisaidii: inapokuwa baridi haivunjiki haraka kuwa ukungu. Jedwali la hali ya hewa kwenye kitabu cha injini limeshajibu swali hilo.

Kuna wanaochanganya oili kwenye petroli, tabia waliyojifunza kwenye mashine za mgongoni za kufyekea majani. Zile ni za mapigo mawili, na hiyo ndiyo oili yake. Kwenye injini ya mapigo manne, oili iliyo kwenye petroli hupita kwenye vali ya kuingizia na kuungua. Roka na pushirodi haziioni kabisa. Inachoacha ni masizi, na masizi kwenye shina la vali ya moshi huifanya ikwame.

Na vali iliyokwama ndiyo inayopinda pushirodi! Pushirodi iliyopinda hutolewa kama ushahidi wa ukosefu wa oili. Mimi kwanza huondoa kifuniko cha feni. Mara nyingi mapezi ya kupoozea yamezibwa na nyasi kavu zilizokandamana kama godoro la sufi, injini imechemka, bushi ya vali imeteleza kutoka mahali pake na kugongana na kikombe cha springi. Roka inasukuma, vali haishuki, kinachobaki kupinda ni pushirodi. Petroli iliyolala miezi mingi nayo huacha gundi yenye matokeo yale yale.

Lipo kosa moja linalochekesha zaidi. Gasketi ya hedi ikitoboka upande wa uwazi wa pushirodi, mgandamizo wa silinda huingia moja kwa moja kwenye tumbo la injini. Oili inafukuzwa kwa nguvu hadi kwenye kabureta, sampu inapungua, moshi unajaa uwanjani. Halafu fundi anapima kijiti, anakuta oili imeisha, na kutangaza kwamba haikuwa ikipanda. Hiyo ilikuwa ikipanda kupita kiasi, na iliyohitajika ni gasketi tu.