Msasa Juu ya Bawa

Wako wafanyabiashara wetu wa Kariakoo ambao huenda Istanbul wakati wa baridi kufuata nguo za jumla. Wakirudi, baadhi yao hulalamika: abiria wamekwisha kaa, mizigo imepakiwa, mara yanakuja magari kuimwagia ndege dawa, na muda unapotea. “Theluji kidogo tu, Mwalimu,” mmoja aliniambia Mtaa wa Kongo. “Rubani mwoga.”

Neno hilo “mwoga” nalipinga kwa nguvu zangu zote.

Kwanza, tuielewe hiyo “kidogo”. Bawa huinua ndege kwa sababu hewa hupita juu yake kwa utulivu. Barafu nyembamba, yenye ukwaruzo kama wa msasa wa seremala, inaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ndiyo maana ndege humwagiwa mchanganyiko wa moto wa maji na glaikoli. Tena dawa hiyo ina muda wake. Foleni ya kuruka ikirefuka mno, ndege hurudi kumwagiwa upya.

Pili, tutazame yaliyotokea Dryden, nchini Kanada, tarehe 10 Machi 1989. Ndege ya Air Ontario ilikuwa na watu 69, na theluji ilikuwa ikianguka. Mtambo wake mdogo wa kuwashia injini ulikuwa mbovu, na uwanja ule haukuwa na kifaa cha kuwashia. Injini ikizimwa, safari imekwisha. Na kanuni ya shirika ilikataza kumwaga dawa injini zikiwaka. Ndege ikaruka na theluji yake. Haikufika mbali, ikaanguka msituni. Watu 24 walikufa.

Hakimu Moshansky, aliyechunguza ajali ile, alibaini jambo la kusikitisha kuliko theluji yenyewe. Mhudumu aliona mabawa yalivyo. Marubani wawili waliosafiri kama abiria nao waliona. Hakuna aliyekwenda kumwambia rubani. Walidhani wenye kazi yao wanajua.

Msomaji asiseme hayo ni ya Wazungu na baridi yao. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kameruni, katika hali ya dhoruba, bila ruhusa ya mnara. Watu wote 114 walikufa. Ndege ilimponyoka rubani gizani, na uchunguzi ulitaja pia upungufu wa ushirikiano kati ya marubani wawili. Pale hapakuwa na barafu hata chembe.

Nimeongoza chuo cha ualimu, kwa hiyo nasema ninalolijua. Tunalea watu wa kuona na kunyamaza. Mtoto anyoshe kidole aseme, “Mwalimu, hesabu ya ubaoni imekosewa,” ataitwa mjuaji, na pengine atachapwa. Mtoto huyo ndiye rubani msaidizi wa kesho. Ndiye muuguzi wa chumba cha upasuaji, ndiye fundi wa ghorofa hizi zinazoota kila kona ya Kariakoo. Tunamfunga mdomo akiwa na miaka saba, kisha tunashangaa kwa nini hakusema akiwa na miaka thelathini.

Wako watakaoniambia kwamba adabu itapotea. La hasha! Adabu ni namna ya kusema, wala si kunyamaza. “Samahani mzee, naona bawa lina theluji”: neno gani hapo limemvunjia mkubwa heshima? Mkubwa anayeudhika kwa neno hilo hastahili kukabidhiwa ndege, wala darasa.

Basi, mfanyabiashara wangu, safari ijayo ukiketi dirishani ukaona bawa jeupe, mwite mhudumu umwambie. Magari ya dawa yakija, tulia. Rubani aliyekubali kuchelewa, huku abiria 150 wakimnung’unikia nyuma, si mwoga hata kidogo. Na wewe mwalimu, kesho mtoto akikukosoa kwa haki mbele ya darasa, futa ubao, umshukuru.