Pishi Iliyopinduliwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, na rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. 

Juma hili tunawaomba mfuatane nasi hadi Ujerumani, kwenye mabonde ya Mto Rhine na Mto Mosel. Tulikwenda kumzuru mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, ambaye riziki imempeleka katika mji wa Koblenz, mahali inapokutana mito hiyo miwili. Nchi ile ni nchi ya mizabibu. Warumi waliilima huko kiasi cha miaka 2000 iliyopita, na hata leo vilima vya kandokando ya maji vimepandwa safu kwa safu, pengine mteremko ukiwa mkali hata mtu akajiuliza mkulima husimamaje. Udongo wake umejaa vibamba vya mawe meusi, ambavyo hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku, zabibu zikaiva ingawa nchi ni ya baridi. Na juu ya mizabibu hiyo, kila baada ya mwendo mfupi, pana husuni ya kale au gofu lake. Kutoka Bingen hadi Koblenz, masafa ya kilomita zipatazo 65, zinahesabiwa kama 40, na mwaka 2002 bonde hilo liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Huenda msomaji akauliza: sheikh na nchi ya mvinyo, wapi na wapi? Zabibu ni neema ya Mola, na kilichoharamishwa ni ulevi unaofanywa kwayo. Lakini atakayejaaliwa kufika huko na watoto wakati wa mavuno na ajihadhari. Kuna kinywaji kitamu chenye rangi ya ukungu, wakiita Federweißer, kinachouzwa hata kandokando ya njia. Kwa macho ni maji ya zabibu tu, kumbe ni mvinyo ulioanza kuchachuka na tayari una kileo. Maji halisi ya zabibu huitwa Traubensaft. Aulize jina kabla hajakinga gilasi.

Ama husuni zenyewe, Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kwa nia hiyo tulitoka, na katika husuni zote tulizoziona, tatu ndizo zilizotushika.

Mbili za kwanza ziko juu ya kijiji cha Kamp-Bornhofen, kando ya Rhine. Moja inaitwa Sterrenberg na ya pili Liebenstein. Zimejengwa katika kilima kimoja, zikitazamana kwa karibu hata mtu wa huku angeweza kumwita wa kule akasikia. Lakini baina yake umesimama ukuta mnene na mrefu wa mawe, nao unaitwa Ukuta wa Ugomvi. Wenyeji huziita husuni hizo Ndugu Maadui. Tulikaa juu ya jiwe, mto ukipita chini yetu na majahazi ya chuma yaliyobeba shehena, na mpwa wetu akatusimulia hekaya yake kama anavyoisikia kwa watu wa huko.

Inasemekana palikuwa na bwana mmoja tajiri, akafa akaacha wana wawili wa kiume na binti mmoja kipofu. Mali yake ilikuwa dhahabu, na walikubaliana waigawanye kwa pishi. Ilipokuwa zamu ya kaka mmoja, pishi ilijazwa mpaka juu. Ya pili vivyo hivyo. Ilipofika zamu ya dada, ndugu zake wakaipindua pishi, wakatandaza sarafu chache juu ya kitako chake, kisha wakamwambia apitishe mkono aone kama imejaa. Masikini akapapasa, akahisi dhahabu imefika ukingoni, akawashukuru. Mara kwa mara alipapasa, na kila mara alishukuru.

Hekaya inaendelea kwamba kile kichache cha dada kilitiwa baraka, hata akajenga nyumba ya ibada ya dini yao, ambayo ipo hadi leo chini ya kilima. Kile kingi cha kaka zake hakikuwatosha. Waligombana, wakajenga ule ukuta. Baadaye wakapatana, wakaahidiana kwenda kuwinda, na atakayeamka mwanzo apige mshale kwenye dirisha la mwenzake kumwamsha. Alfajiri mmoja alifyatua mshale, na wakati uleule mwenzake akafungua dirisha. Mshale ukampata moyoni.

Wanachuoni wa historia wanasema hayo ni masimulizi tu, na kwamba ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya ulinzi. Nasi hatulisimamishi jambo juu ya hekaya. Lililo yakini ni kwamba husuni zote mbili zilikuwa zimekwisha kuchakaa kufikia mwishoni mwa karne ya 16. Lakini mpwa wetu alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza kwa adabu, macho yake yakiwa mtoni: "Mjomba, nyumba ya babu imeshagawanywa?"

Wasomaji wetu, tunafundisha elimu ya faraidh. Tumewafundisha vijana wengi kwamba mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi wakapewa mafungu yao aliyoyapanga Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratun Nisaa. Na nyumba ya marehemu baba yetu ilikuwa imekaa miaka tisa bila ya kugawanywa, nasi ndio tulioshika funguo. Waume tu watatu na dada yetu ni mmoja. Mama yetu alitangulia mbele ya haki kabla ya baba, kwa hivyo hesabu ni nyepesi: mafungu saba, mawili mawili kwa waume na moja kwa dada. Vyumba vya chini vina wapangaji. Kila Ramadhani tulikuwa tukimpelekea dada yetu tende, sukari, kitambaa na bahasha ya pesa, naye akituombea dua ndefu. Tulimjibu mtoto wake, "Bado, mwanangu, tunangoja wakati mzuri." Jawabu hilo tulilisikia masikioni mwetu siku nzima. Dada yetu si kipofu, lakini hakuwahi kuonyeshwa hesabu. Alikuwa akitushukuru kwa haki yake mwenyewe.

Siku ya pili tulikwenda kwenye husuni ya tatu. Jina lake ni Eltz, nayo imejificha katika bonde dogo linaloingia Mosel. Tuliacha gari katika kijiji cha Moselkern tukafuata kijito kwa miguu ndani ya msitu, mwendo wa zaidi ya saa moja. Tulisali adhuhuri njiani juu ya majani makavu. Kisha miti ikafunguka tukaiona juu ya jabali, kijito kimeizunguka pande tatu, minara yake mizima, mapaa yake mazima. Haijapata kubomolewa. Jina la ukoo huo limeandikwa katika hati ya mwaka 1157, na mpaka leo husuni ni mali ya ukoo uleule.

Jambo lililotushangaza ni kwamba Eltz haikuwa nyumba ya mtu mmoja. Kabla ya mwaka 1268 ndugu watatu waliigawanya husuni na mashamba yake. Kila mlango wa ukoo ukajenga nyumba yake ndani ya ukuta mmoja, nyumba zikizunguka uwanja mmoja, ndiyo maana minara yake haifanani. Wakaandikiana mikataba, wakaiita amani ya husuni, iliyoeleza haki na wajibu wa kila upande. Na wakaweka ukumbi mmoja wa pamoja wa kukutania. Tuliingia ukumbini humo. Kutani zimechongwa sura za chale, alama ya kwamba kila mmoja ana ruhusa ya kusema lililo moyoni. Na juu ya mlango pana waridi, alama ya kwamba yaliyosemwa humo yabaki humo. Tulisimama chini ya waridi lile kwa muda, tukikumbuka vikao vya familia tulivyohudhuria ambavyo vilikosa yote mawili: mnyonge hakuthubutu kusema, na aliyesema alikuta maneno yake yamefika sokoni kabla ya magharibi.

Tusidai kwamba mkataba pekee ndio uliowaokoa. Katika vita vilivyoanza mwaka 1688, majeshi ya mfalme wa Ufaransa yalizivunja husuni nyingi za nchi ile, na Eltz ilisalimika kwa kuwa mtu wa ukoo huo, Hans Anton, alikuwa ofisa katika jeshi la Ufaransa akaiombea. Lakini angalia: palikuwa bado na ukoo wa kuiombea, na palikuwa bado na nyumba ya kuombewa. Nyumba ambayo wenyewe wameitia ukuta katikati, nani atakwenda kuitetea?

Wale hawakuwa na Sharia yetu, wala hatuwachukui kuwa kigezo cha mirathi. Sisi tumepewa kilicho bora zaidi, hesabu iliyoteremshwa kutoka mbinguni. Na wanaopunja vipimo wameteremshiwa sura nzima ya onyo, Suratul Mutwaffifin. Kwa desturi tunaisoma tukamfikiria muuza duka na mizani yake. Tangu siku ile tunaisoma tukiwafikiria kaka.

Kwa hivyo nasaha yetu ni hii. Mkifiwa, msiache mambo yakae hata wajukuu wakarithi ugomvi. Wakusanyeni warithi wote, wanawake wakiwemo, katika ukumbi mmoja. Andikeni mali yote aliyoiacha maiti, na kodi inayoingia, na madeni yake, kila mrithi apate nakala. Kama dada hasomi, asomewe na mtu anayemwamini yeye, asiambiwe tu atie kidole. Akitaka kusamehe fungu lake, kwanza alione, alishike, kisha asamehe kwa hiari yake. Msamaha wa asiyejua anachosamehe ni ule mkono wa kipofu juu ya kitako cha pishi. Mkishindwa kupatana, mahakama ya Kadhi ipo, wala si aibu kuiendea. Na nyinyi dada zetu, kuuliza haki yenu si kukata udugu. Anayekata udugu ni mwenye kuizuia.

Tuliporejea nyumbani tuliwaita ndugu zetu wawili, na dada yetu akaja na daftari jipya alilotumiwa na mwanawe kutoka Koblenz. Tulipiga hesabu ya kodi ya miaka tisa na siku zake. Ilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani, nasi tunamlipa kidogo kidogo, hatujamaliza. Nyumba hatukuiuza, tumeandikiana mafungu, na kodi sasa hugawanywa kila mwisho wa mwezi. Ramadhani iliyopita tulimpelekea tende kama kawaida. Akatuombea dua kama kawaida, lakini safari hii tuliweza kuitikia amina huku tukimtazama usoni.

Twamwomba Allah atujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo, azitie baraka nyumba zetu, na aziunganishe nyoyo za ndugu waliotengana. Amin. Wabillahi tawfiq.