Kiyoyozi cha Gari la Umeme Kikigoma Wakati wa Joto

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar es Salaam halimhurumii mtu, hasa aliyekwama ndani ya gari katika foleni ya jioni. Kwa ndugu zetu wenye magari ya umeme, kama vile Nissan Leaf zilizotumika ambazo huagizwa kutoka Japani, taabu huzidi pale kiyoyozi kinapoacha kupoza. Wengi hukimbilia kwa fundi wa gesi yule yule aliyewatengenezea gari la petroli. Hapo ndipo tunapowaomba watulie kidogo, kwani haraka hiyo yaweza kuwagharimu kuliko jasho.

Tofauti ni hii. Katika gari la petroli kompresa huzungushwa na injini kwa mkanda. Katika gari la umeme hakuna injini. Kompresa ina mota yake ndani, nayo hupata umeme kutoka betri kuu, ambao katika magari mengi hufikia volti 300 hadi 400. Umeme wa kiasi hicho huua. Nyaya zake zimevikwa rangi ya machungwa ili zitambulike, na asiye na mafunzo haimpasi kuzigusa.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyachunguza mwenyewe bila kushika spana.

Kwanza, atazame kama gari limewekwa katika hali ya kubana umeme, yaani ECO, kwa kuwa hali hiyo hupunguza nguvu ya kiyoyozi. Afungue madirisha dakika mbili hewa ya moto itoke, kisha ayafunge na kubonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani.

Pili, ikiwa baridi ipo lakini upepo ni hafifu, akague chujio la hewa, ambalo aghalabu hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Likijaa vumbi, hewa haipiti.

Tatu, ikiwa gari linapoza likiwa mwendoni na kuacha kupoza linaposimama, feni ya mbele ishukiwe, au kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu.

Nne, betri ndogo ya volti 12 ipimwe. Ikichoka, vyombo vinavyoongoza kiyoyozi huweza kuonyesha hitilafu zisizoeleweka. Ama maji yanayodondoka chini ya gari, hayo si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa uliopozwa na baridi ukawa matone.

Katika baadhi ya magari ya umeme, gesi ya kiyoyozi hupoza pia betri kuu. Gari la namna hiyo likichajiwa kwa kasi juani, abiria huweza kupungukiwa baridi kwa muda, kwa sababu gari huilinda betri kwanza.

Yote hayo yakishindikana, ndipo aitwe fundi. Lakini awe fundi aliyejifunza magari ya umeme. Gesi ya kiyoyozi hailiki kama petroli. Ikipungua, ipo inapovujia, na kuijaza bila kuziba ni kumwaga fedha. La hatari zaidi ni mafuta ya kompresa. Magari mengi ya petroli hutumia mafuta yaitwayo PAG, na mengi ya umeme hutumia POE, ambayo hayapitishi umeme kwa urahisi. PAG yakiingia katika kompresa ya umeme huharibu kinga ya nyaya za mota, na gari linaweza kukataa kuwaka. Basi, kabla boneti halijafunguliwa, muulize fundi: utatumia mafuta gani? Mashine yako ilijaza gari gani kabla ya langu? Utapima gesi kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko? Akisitasita, mshukuru uondoke.

Wako pia wanaozima kiyoyozi kwa kuogopa kumaliza chaji, huku watoto wakitota jasho kiti cha nyuma. Hofu hiyo imepita kiasi. Joto likishatulizwa, kiyoyozi hutumia takribani kilowati moja. Saa nzima ya foleni hula umeme wa safari ya kilometa 6 hivi. Tena ni vema gari lipozwe lingali kwenye chaji kabla ya kuondoka, ili umeme huo utoke ukutani, si katika betri.

Jambo la mwisho ni la wazazi. Gari lililofungwa juani huweza kupanda joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 tu. Gari la umeme halingurumi. Aliye nje hawezi kujua kwa sauti kama kiyoyozi kimezimika. Kwa hiyo mtoto asiachwe humo, hata kama unaingia dukani kununua mkate mmoja.