Mpiga Gita Hali Makofi

Kila mara habari ya tamasha kubwa la mjini inapotufikia huku Baraka, watu hugawanyika makundi mawili, na makundi yote mawili yanikasirisha. La kwanza ni la wazee wenye haki. Hao husema ya kuwa tamasha ni kazi ya shetani, vijana wapotea, wasichana waharibika, na baada ya hapo hawana neno jingine. La pili ni la vijana na wenye kuvaa kofia za wafadhili. Hao hutuambia ya kuwa tamasha ni mlango wa heri kwa kila mwenye gita. Mimi nimefundisha kwaya muda wa miaka 11, nami nasema kwamba makundi hayo mawili hayajamtazama mpiga gita mwenyewe hata siku moja: ala nini, alala wapi, na watoto wake wasoma kwa fedha gani.

Nianze na wazee, maana neno lao ni fupi. Huko Uganda mwaka 2018, waziri wa maadili, Simon Lokodo, ambaye zamani alikuwa padri, alipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege la Jinja kwa ajili ya uchafu aliosema unafanyika pale. Siku chache zikapita, serikali yenyewe ikaliruhusu. Magazeti yakajaa maneno ya nguo na pombe. Sikusikia mtu hata mmoja katika ugomvi ule aliyeuliza kama wapiga ngoma wa Busoga, wenye nchi ile, walipata cho chote. Basi wazee wangu, mkigombana na tamasha kwa ajili ya nguo tu, mtashindwa kila mwaka, na swali lenyewe litabaki pale pale.

Haya, twende kwa wale wa kofia.

Tamasha tunalolijua zaidi katika Kivu ni lile la Amani, la Goma. Lilitakiwa kuanza mwaka 2013, vita vikalizuia, likafanyika Februari 2014, miezi michache tu baada ya M23 kushindwa mara ile. Lazima tuseme kweli: lilikuwa jambo la ushujaa. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika bila kupigana, katika mji uliozoea kukusanyika kwa kukimbia tu. Waimbaji wenye majina makubwa walikuja, kama Tiken Jah Fakoly wa Kodivaa, aliyeimba mwaka 2015. Na kiingilio kilikuwa dola moja kwa siku, ili maskini naye aingie.

Dola moja! Hapo ndipo nawaomba msimame nami kidogo. Dola moja haiwezi kumleta mwimbaji kwa ndege, wala kujenga jukwaa, wala kukodi mitambo ya sauti. Nyingine zote zalipwa na makampuni na wafadhili wa ng'ambo. Kwa mtu wa Goma ni neema. Lakini kijana wa Baraka anayeweka mlinzi mlangoni pa ukumbi wa udongo na kuomba franka chache ili anunue nyuzi za gita hujibiwa nini? Nimesimama mlangoni pale, nimesikia kwa masikio yangu: "Ati wewe nikulipe! Huko Goma watu huwaona wakubwa wa Afrika kwa dola moja." Mfadhili wa mbali amemlipia mtu wa mjini tikiti yake, na pasipo kukusudia amemshusha bei mpiga gita wa kijijini, ambaye hana mfadhili ila jirani zake.

Labda mtu atasema: basi naye apande jukwaa la mjini. Vema, apande. Safari ya kutoka Baraka yajulikana. Kwanza barabara ya kando ya ziwa mpaka Uvira, na mvua ikinyesha, mito huamua kama utapita au utalala. Kisha Bukavu, kisha boti ya Ziwa Kivu hadi Goma. Vizuizi njiani mvihesabu wenyewe, mimi nilichoka.

Katika kwaya yetu palikuwa na kijana aliyejitengenezea gita lake la kwanza kwa kopo la mafuta na waya za breki ya baisikeli. Alipopata gita la kweli, watu wa Mutambala walivuka mto kuja kumsikiliza. Yeye na wenzake watatu walichaguliwa kwenda kupiga katika tamasha la mji mmoja mkubwa, ambalo jina lake silitaji. Aliuza mbuzi wawili. Walipangiwa saa nane mchana, jua likichoma, watu hawajaja, ila wauza maji na watoto. Walipiga nyimbo tatu. Ya nne ilikuwa ya Kibembe, wimbo wa wavuvi wa kupiga makasia, nao wakaambiwa wakati umekwisha. Walipewa fulana moja moja na karatasi yenye mhuri, na nauli ya kurudi isiyofika hata Uvira. Saa tatu za usiku, uwanja ulipojaa, kijana wetu alikuwa nje ya ua, akimsikiliza mgeni.

Aliporudi, arusi tatu za mwezi ule alikuwa amekwisha kuzipoteza. Ametokea kijana mwingine mwenye sono na fulashi, ambaye hana haja ya wenzake, wala nyuzi, wala mazoezi. Watu walikwisha kumzoea.

Mtasema: ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Basi tuchukue tamasha lililo kubwa kuliko yote yaliyopata kufanyika katika nchi hii. Septemba 22 hadi 24, mwaka 1974, katika uwanja wa 20 Mei, Kinshasa, walikusanywa James Brown, B.B. King, Bill Withers na Celia Cruz kutoka ng'ambo, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Lilipangwa liende pamoja na pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho, pigano likasogezwa hadi Oktoba 30, lakini muziki haukungoja. Kwa upande wetu waliimba Franco na T.P.O.K. Jazz, Tabu Ley na Abeti Masikini. Kamera zilikuwapo, mashine za kunasa sauti zilikuwapo. Filamu ilitoka mwaka 2008, nayo kwa sehemu kubwa ni ya Wamarekani. Na sauti za waimbaji wa Afrika? Zilitolewa katika sahani yao mwaka 2017, yaani baada ya miaka 43. Franco alikuwa amekufa tangu 1989, Abeti tangu 1994, Tabu Ley tangu 2013. Ikiwa hivyo ndivyo mavuno yalivyowachelewa wakubwa hao, na tamasha lilikuwa nyumbani kwao, mpiga gita wa Fizi aongojee miaka mingapi?

Na tazameni, Franco hakulelewa na tamasha lile. Alilelewa na dansi za Kinshasa, usiku baada ya usiku, mbele ya watu wa mtaa waliolipa mlangoni na kurudi wiki iliyofuata. Baadaye akawa na jumba lake mwenyewe la dansi, Un Deux Trois. Hata Innoss'B, mwana wa Goma anayesifiwa leo, alianza na ndugu zake katika kikundi cha Maisha Soul, akajulikana kwa mashindano ya mwaka 2010, tamasha la Amani likiwa halijazaliwa bado. Tamasha lachuma matunda. Mti umepandwa na wengine.

Nisije nikawaonea wenye matamasha. Zanzibar wana Sauti za Busara, tangu 2004, katika Ngome Kongwe, nao hudai kila kikundi kipige muziki wenyewe kwa mikono yake, si kwa kufungulia fulashi na kutikisa midomo. Hiyo ni sheria njema, ningependa tuiweke katika arusi zetu. Lakini mwaka 2016 tamasha lile halikufanyika, kwa kukosa fedha. Kinachonipendeza mimi katika mji ule ni chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichofunguliwa mwaka 2002, ambapo kijana hufundishwa udi, kanuni na ngoma siku za kazi, wakati wageni wa tamasha wamekwisha kwenda zao. Siku tatu za Februari haziwezi kufanya kazi hiyo.

Kuna jambo jingine, nalo linaniuma. Mjini wafadhili wapenda nyimbo za amani. Basi kila kikundi kinachotaka kuchaguliwa chatunga wimbo wa amani, kwa Kiswahili chepesi au Kifaransa, na nyimbo za kupalilia, za matanga, za kumsindikiza bibi arusi zaachwa kwa bibi zetu, wafe nazo. Sisi watu wa Fizi tunaimba amani tangu 1996. Tumewaimbia wasio na bunduki, mpaka sauti zimekauka. Wenye bunduki hawaji tamashani.

Nao mji wenyewe si ngome. Januari 2025 M23 wakauteka Goma, na Februari ile ile Bukavu. Kijana aliyeweka tumaini lake lote katika jukwaa la mbali alibaki na nini, barabara zilipofungwa? Mimi nilijifunza kuimba nikiwa mtoto kambini Nyarugusu, upande wa Kigoma, kabla boti hazijaturudisha Baraka. Hapakuwa na jukwaa wala mfadhili wa muziki. Palikuwa na kwaya zilizotembeleana, na desturi moja kali: kwaya ikija kwenu, mnapika. Mwenye kukataa kupika hakualikwa tena. Kwa desturi ile, watu wenye posho ya unga wa kupimwa walitunza waimbaji wengi kuliko tunavyowatunza sisi leo wenye mashamba na ziwa.

Hapa sasa nageuka kwetu, na najua baadhi ya wasomaji watafunga gazeti. Ni nani aliyemfukuza kijana yule kwenda kuuza mbuzi wake? Ni sisi. Kwa miaka sita alitupigia gita kila Dominika, Krismasi, Pasaka, ubatizo, mazishi, naye alipotaja nyuzi, tulimwambia, "Ni kazi ya Mungu, mwanangu." Fundi aliyeezeka kanisa alilipwa. Mwenye gari aliyeleta saruji alilipwa, tena mbele. Mwashi hakuambiwa kwamba matofali ni ya Mungu. Katika arusi za wakubwa wetu, soda za wageni huhesabiwa kwa makreti, na mpiga gita hupewa sahani ya mwisho, ya bugali baridi, nyuma ya nyumba pamoja na watoto. Halafu tamasha la mjini likimwita, lau kwa fulana moja, tunashangaa kwa nini amekimbia!

Nilipeleka neno hili katika halmashauri ya parokia. Niliomba franka kidogo na kikapu kimoja cha dagaa kwa kila sikukuu, agawane na mpiga ngoma. Mzee mmoja, ninayemheshimu, akasema, "Mwalimu, tukimlipa mpiga gita, kesho mpiga kengele naye atadai." Nikamjibu, "Baba, alipwe naye." Watu wakacheka. Shauri likaahirishwa mpaka baada ya mihogo kuvunwa. Dominika iliyopita gita lilikuwa na nyuzi nne.