Bunduki ya Upepo na Vijana wa Tegeta

Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita lilitokea neno lililowagawanya wanachama wa upande huu wa Tegeta, nalo ni hili: je, yafaa Chama chetu kiombe ruhusa ili vijana wetu wafundishwe kulenga shabaha kwa bunduki? Wazee kadhaa walisimama wakasema hapana, nasi tulikuwa pamoja nao. Tangu siku ile tumelitafakari jambo hili, na leo twakiri mbele ya wasomaji ya kwamba tulisema upesi.

Kilichotugeuza ni habari za michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024 huko Ufaransa. Nishani ya kwanza ya dhahabu haikuchukuliwa na mkimbiaji wala mpiga ngumi. Ilichukuliwa tarehe 27 Julai na vijana wawili wa China, Huang Yuting, msichana wa miaka 17, na mwenziwe Sheng Lihao wa miaka 19, wakilenga pamoja kwa bunduki ya upepo. Siku mbili baadaye Huang alisimama tena, safari hii peke yake, kushindana na Ban Hyo-jin wa Korea Kusini, mtoto wa miaka 16 aliyeanza kujifunza kazi hiyo mwaka 2021. Baada ya risasi 24 kila mmoja alikuwa na 251.8. Wakaongezwa risasi moja moja: Huang akapata 10.3, Ban akapata 10.4.

Wasomaji wetu ni watu wa kalamu, basi wataelewa vema tukiwaambia ya kwamba alama ya katikati ya shabaha ile ina upana wa nusu milimita, nayo hulengwa kwa kusimama, mbali mita 10. Ni nukta ile ile tuitiayo mwisho wa mstari. Haipatwi kwa nguvu za mkono. Yataka pumzi iliyotulia, na moyo usioharakishwa na kosa la risasi iliyotangulia.

Wapo wasemao ya kwamba mtoto akizoea bunduki hataiogopa. Hoja hii si ya kuchekwa. Bunduki ya upepo haina baruti, walakini yaweza kumpofusha mtu. Kwa hiyo hapana budi ifungiwe, na polisi waulizwe kwanza, kwani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezewa. Lakini vijana hawa wanazo manati tayari, wala hawana mwalimu. Kioo cha dirisha letu ni shahidi.

Wengine husema mchezo huu si wetu. Ni kweli ya kwamba Kenya ilipokwenda Olimpiki mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, waliolenga shabaha kwa jina lake walikuwa Wazungu. Lakini Uhindi nayo haikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya mtu mmoja hata Abhinav Bindra alipoileta kutoka Beijing mwaka 2008, na aliipata kwa bunduki hii hii ya upepo. Sisi Watanzania tunazo nishani mbili tu, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote za fedha, zote za mbio, zote za Moscow mwaka 1980. Twawaheshimu sana. Walakini si kila mtoto amejaliwa miguu.

Iliyobaki ni fedha, na hapa ndipo penye uzito. Bunduki moja ya mashindano hula mishahara ya karani ya miezi mingi. Twaona heri kuanza na moja, ishirikiwe. Na sehemu kubwa ya mazoezi hufanywa bila risasi, kwa kusimama na kulenga tu. Waalimu nao hatuwakosi, maana kambi ya Lugalo haiko mbali, na askari wastaafu tunakaa nao mitaani.

Mwanachama ajuaye ukumbi wenye urefu unaotosha, usiopitwa na watu, amwarifu Katibu kabla ya mkutano ujao.