Jaribu neno kabla ya kulitoa

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii tunaijua sote, na bado kila wiki kuna nyumba inayowaka moto kwa sababu ya neno moja lililotangulia akili.

Fikiria watu watatu, msomaji mpenzi. Wa kwanza ni mama aliyetumia pesa za karo kulipa deni la chama, na shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Sharti amwambie mumewe. Wa pili ni kijana anayedai mshahara wa miezi miwili katika duka la vipuri, naye mwenye nyumba ametishia kufunga mlango kwa kufuli. Sharti amkabili tajiri wake. Wa tatu ni baba aliyepata habari kwamba binti yake wa miaka 15 huonekana jioni na dereva wa bodaboda. Sharti azungumze naye.

Wote watatu wanajua wanalotaka kusema. Usiku wamelala macho wakilipanga. Lakini wakifika mbele ya mhusika, mambo hugeuka. Mama anaanza kwa lawama: "Kama ungekuwa unaleta pesa kwa wakati..." Kijana anatetemeka na kutoka bila kusema lolote. Baba anapiga kelele, na binti anafunga mdomo wake mwaka mzima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kasoro yao si uhaba wa maneno. Kasoro ni kwamba mara yao ya kwanza kuyatamka ndiyo siku yenyewe ya mtihani. Kwaya hukutana Jumamosi kabla ya kuimba Jumapili. Timu ya kandanda hukimbia uwanjani wiki nzima kwa ajili ya dakika 90. Lakini mazungumzo yanayoweza kuvunja ndoa au kumnyima mtu kazi, tunayaendea hivi hivi tu.

Wazee wetu walikuwa na akili zaidi katika jambo hili. Ujumbe wa posa haukutoka nyumbani kiholela. Watu waliketi, wakamchagua msemaji, wakaulizana: wakituuliza hili, tutajibu nini? Wakikataa mahari tuliyopanga, nani atazungumza? Hayo yalikuwa mazoezi, hata kama hakuna aliyeyaita hivyo.

WALIOANZA KUIGIZA

Katika elimu ya kisasa, daktari Jacob Moreno, aliyezaliwa mwaka wa 1889 na kufanya kazi Vienna kabla ya kuhamia Marekani, aliwafanya watu waigize ugomvi wao wenyewe mbele ya wenzao. Jambo lake kubwa lilikuwa kuwabadilisha nafasi. Mke aliigiza kama mume, na mtoto akawa mzazi. Mtu akivaa viatu vya mwenzake hata kwa dakika tano, huona asichokiona akiwa amesimama upande wake.

Mwaka wa 1963 Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Southern California, alimfundisha mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kumhoji na kumpima. Mwanafunzi akikosea, hakuna aliyeumia. Angeweza kurudia mpaka apate. Leo utaratibu huo umeenea ulimwenguni, na wanafunzi wengi wa udaktari hutahiniwa kwa kuzungumza na waigizaji kama hao. Hata namna ya kumwambia mtu kwamba ana ugonjwa mbaya sasa hufanyiwa mazoezi.

Tatizo la njia hii ni moja tu: nani atakaa nawe akuigizie? Mwalimu ana wanafunzi 40. Rafiki ana shughuli zake, na pengine siri yako humwamini nayo. Ndipo watu wakageukia kompyuta.

KOMPYUTA KAMA MWIGIZAJI

Vyombo vya kwanza vya aina hii kwenye intaneti vilikuwa kama mtihani wa kuchagua majibu. Mtu wa kuchorwa hukuuliza swali, nawe unabonyeza moja kati ya majibu matatu. Udhaifu wake unaonekana mara moja. Jibu zuri liko pale pale machoni pako, limeandikwa na mtu mwingine. Lakini tajiri wako hatakupa majibu matatu uchague. Atakutazama tu, naye atangoja. Chombo cha kubonyeza humfundisha mtu kulitambua jibu zuri, hakimfundishi kulitoa kinywani.

Kwa hiyo vyombo hivi vimekuwa vikiundwa upya. Mwaka wa 2021 shirika la Trevor Project la Marekani, linalowasaidia vijana waliokata tamaa ya maisha, lilianza kuwafundisha wahudumu wake wa kujitolea kwa programu inayoigiza kijana mwenye shida. Mhudumu huandika maneno yake mwenyewe, na "kijana" hujibu kulingana na alivyoambiwa. Kisha ikaja ChatGPT mnamo Novemba 2022, na tangu hapo mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuiambia mashine: "Wewe ni tajiri wangu mkali, nami nimekuja kudai mshahara."

Jambo la kufurahisha, lakini lina mtego. Programu hizi za akili unde zina tabia ya kumpendeza mtumiaji. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo moja la programu yake siku chache tu baada ya kulitoa, kwa kuwa lilizidi kusifu na kukubali kila kitu. Sasa fikiria kijana wetu wa vipuri anayefanya mazoezi na tajiri wa namna hiyo. Anadai mara moja, "tajiri" anaomba radhi na kuahidi kulipa kesho! Kijana anatoka kifua mbele, anaingia dukani, na huko anakutana na binadamu halisi. Mazoezi ya namna hiyo ni mabaya kuliko kutofanya mazoezi.

NGUVU, HAKI NA HAJA

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha njia iliyo bora. Mwaka wa 2023 walieleza chombo walichokiita Rehearsal, maana yake mazoezi ya kabla ya onyesho. Walikijenga juu ya elimu ya zamani kidogo ya kusuluhisha migogoro, inayosema kwamba mtu aliye katika ugomvi hushika njia moja kati ya tatu: nguvu, haki au haja.

Tumchukue kijana wetu. Akisema, "Usiponilipa leo utaniona," hiyo ni nguvu. Akisema, "Tulipatana mshahara ulipwe mwisho wa mwezi," hiyo ni haki. Akisema, "Mzee, najua biashara imelala. Wewe unahitaji mtu mwaminifu wa kufungua duka asubuhi, nami nahitaji kodi ili nisifukuzwe. Tufanyeje?" hiyo ni haja. Haki si mbaya, na ofisi ya leba ipo kwa ajili ya yule asiyesikia. Lakini anayeanza kwa vitisho hujibiwa kwa vitisho, na baada ya hapo ni vigumu kurudi nyuma.

Katika chombo hicho, mtu huzungumza na mpinzani asiyelegea upesi. Akikosea, huweza kurudi nyuma na kuona: kama ningesema hivi badala ya vile, angenijibu nini? Waliojifunza hivyo walilinganishwa na waliosoma tu maelezo ya elimu hiyo hiyo. Baadaye walipowekwa katika ugomvi bila msaada wowote, waliofanya mazoezi walipunguza maneno ya kuchochea kwa wastani wa asilimia 67, na maneno yao ya kutafuta maelewano yakawa maradufu. Kusoma peke yake hakukutosha.

CHOMBO CHETU KIWEJE?

Ikiwa chombo cha namna hii kitatufaa sisi hapa Kenya, kitahitaji kuundwa upya tena, na vijana wetu wanaosomea kompyuta ndio wanaofaa kuifanya kazi hiyo.

Kwanza, kijue heshima zetu. Kuna maneno ambayo mkaza mwana hawezi kumtamkia mama mkwe hata kama ni ya kweli. Kuna habari ambayo mke haipeleki kwa mumewe moja kwa moja bali kupitia kwa shangazi. Chombo kinachomfundisha kijana kumkazia mzee macho na "kusema wazi" kitampeleka pabaya. Walio na ujuzi huo ni wazee wa usuluhishi, washauri nasaha, walimu na shangazi. Hao waitwe, wasikilize jinsi mashine inavyoigiza, nao waseme, "La, mama mkwe hazungumzi hivyo." Isiachiwe mafundi peke yao.

Pili, kizungumze lugha tunayogombania. Kiingereza cha ofisini hakimsaidii mtu anayegombana kwa Kiswahili, Kikamba au Kijaluo. Tena kizungumze kwa sauti, kwa sababu hasira na woga hukaa katika sauti.

Tatu, kisitoe alama. Mtu akiambiwa amepata 80 kwa 100, atatafuta alama badala ya kumtafuta mwenzake. Kimwonyeshe jambo moja tu kila mara: hapa ulimkatiza, hapa ulileta habari ya mwaka jana. Kisha kimruhusu kurudia.

Nne, kitunze siri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, lakini sheria hailindi asiyejilinda. Anayefanya mazoezi leo kwenye simu asiandike majina halisi, namba za simu wala jina la kampuni. "Tajiri wangu" yatosha.

HUHITAJI BANDO

Hata hivyo, msomaji, usingoje chombo hicho. Unaweza kuanza leo jioni na dada yako, rafiki wa kuaminika au mshirika wa chama chako. Mweleze mhusika ni mtu wa namna gani: hupenda kukatiza, hunyamaza, hutaja ya zamani? Mwambie asikuhurumie. Kisha semeni kwa dakika tano, si zaidi. Simamisheni, muulize, "Ni wapi nilikuudhi?" Halafu rudieni mwanzo peke yake, maana mazungumzo mengi huharibika katika sentensi mbili za kwanza.

Mama wetu wa karo akifanya hivyo mara tatu, ile lawama ya kwanza itaanguka yenyewe. Pengine atafikia hapa: "Baba Mwende, nina jambo zito, na nataka ulisikie kutoka kwangu. Pesa za karo nililipia deni la chama bila kukuambia. Nilikosa. Nimebaki na shilingi 4,000, na Jumatatu nitakwenda mwenyewe kumwona mwalimu mkuu. Nisaidie tufikirie zilizosalia." Ukweli umetangulia, kosa limekubaliwa, na kuna hatua ya kwanza. Mume anaweza kukasirika bado, na ana sababu. Lakini sasa kuna kitu cha kuzungumzia.

Kisha mbadilishane nafasi. Mama awe mume, rafiki awe mama. Hapo ndipo wengi hushtuka. Akiwa katika nafasi ya mume, mama huenda akagundua kwamba kinachomchoma si zile pesa bali kule kufichwa. Na baba wa binti wa miaka 15 akiigiza kama binti, akasikia sauti ya baba ikipaa juu yake, ataelewa kwa nini mtoto hufunga mdomo. Huenda akaanza kwa swali badala ya kesi.

Neno moja la tahadhari. Mazoezi haya ni ya watu wanaoweza kuzungumza. Ikiwa mwenzio hukupiga au hutishia maisha yako, usijilaumu ukidhani kwamba hujapata maneno mazuri. Hakuna sentensi iliyofanyiwa mazoezi itakayozuia ngumi. Hapo tafuta msaada: namba 1195 ni ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote hupigwa bila malipo.

Kwa wengine wetu, chagua mazungumzo moja tu ambayo umekuwa ukiyakwepa. Si yale makubwa kabisa. Chagua ya wastani. Yafanyie mazoezi mara tatu kabla ya Jumapili ijayo, kisha uyaendee ukiwa umeshiba na mwenzio ameshiba, kwa kuwa njaa haina msikilizaji. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, nayo huhitaji kutayarishwa.

Jumapili njema.